Uwanja wa Shule Si Kiwanja cha Akiba

(Haya ni mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni.)

Leo nimekuja na habari za michezo, lakini usiongeze sauti ya redio kwa kutarajia matokeo ya Simba na Yanga. Hayo utayapata kwa wenzangu wa meza ya michezo. Mimi nataka tuzungumze juu ya mchezo usiokuwa na mtangazaji, usiokuwa na kiingilio wala kombe. Ni mchezo wa mtoto wa kawaida, katika shule ya kawaida, siku ya kawaida ya juma.

Kilichonisukuma ni jibu nililopewa na binti yangu. Mwaka 2025 alikuwa Darasa la Tano katika shule moja ya msingi ya serikali hapa mjini. Jioni moja nilimkuta amekaa kibarazani anamenya chungwa, bado amevaa sare za shule. Nikamwuliza, kama wazazi tunavyouliza mradi tumeuliza, "Leo kwenye kipindi cha michezo mmecheza nini?" Akajibu bila kuinua macho, "Wavulana wamecheza mpira." Nikasema, "Na ninyi wasichana je?" Akasema, "Sisi tumeshangilia, Mama."

Kwanza nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu niligundua kwamba mtoto hakuwa analalamika. Alisema kama mtu anayetaja zamu aliyopangiwa. Yupo anayefuta ubao, yupo anayefagia darasa, na yeye zamu yake ni kushangilia.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Chukua shule yenye watoto 1,000, na katika miji yetu zipo nyingi zinazozidi idadi hiyo. Shule hiyo ijitahidi, iunde timu moja ya soka ya wavulana na moja ya wasichana. Hao ni watoto 22. Iongeze mpira wa pete, wasichana saba. Iweke mpira wa wavu kwa wavulana na wasichana, 12, na mpira wa mikono vivyo hivyo, 14. Jumla ni watoto 55. Hata ukiwazidisha mara mbili, kwa ajili ya wachezaji wa akiba na wakimbiaji, unapata 110. Waliobaki 890 wamepewa zamu ya binti yangu. Na hiyo, msikilizaji, ni shule iliyojitahidi.

Ndiyo maana kila ifikapo majira ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, mimi hufurahi nusu. Hufurahi kuona mabasi ya watoto kutoka kila mkoa, wengine wanatoka nje ya mkoa wao kwa mara ya kwanza maishani. Hufurahi kuona mpira wa wanafunzi viziwi na michezo ya watoto wasioona ikipewa nafasi yake, jambo ambalo enzi zetu sisi halikuwapo. Lakini kila ninaposoma matokeo hayo kwenye kipaza sauti, mkoa fulani mabao matatu, mkoa fulani moja, hujiuliza kimoyomoyo: wale waliobaki nyumbani wamecheza nini mwaka huu?

Simo katika kundi la wanaosema Serikali haijafanya kitu. Atakayesema hivyo atakuwa anasema uongo. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ni ya mwaka 1967. Sera ya Maendeleo ya Michezo ilitolewa mwaka 1995, na tangu hapo inasema waziwazi kwamba michezo ni kwa ajili ya watu wote. Kule Malya, Wilaya ya Kwimba mkoani Mwanza, kipo chuo cha Serikali kinachofundisha walimu na wataalamu wa michezo. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha utaratibu wa kutenga asilimia tano ya mapato ya michezo ya kubashiri iende kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Mwaka huohuo nyasi bandia za viwanja zikaondolewa Kodi ya Ongezeko la Thamani katika majiji. Na mitaala iliyoanza kutumika kwa awamu mwaka 2024 imeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi.

Matunda nayo yapo. Mwezi Oktoba 2022, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia, wakaifunga Ufaransa mabao mawili kwa moja, wakatoka sare na Canada, wakaingia robo fainali. Mwezi Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia, akawa Mtanzania wa kwanza kuvaa medali ya dhahabu katika mashindano hayo ya riadha. Mwezi Agosti mwaka huohuo tulikuwa wenyeji wa fainali za CHAN pamoja na Kenya na Uganda, na nchi hizohizo tatu ndizo zilizopewa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027.

Basi sheria ipo, sera ipo, mfuko upo na mashujaa wapo. Kwa nini mtoto wangu anashangilia?

Hapa sasa, mpenzi msikilizaji, inanilazimu kusema jambo lisilonipa sifa. Nimelifikiria sana kabla ya kuliandika. Lakini mtu akizoea kuwasema wengine kwenye kipaza sauti, siku moja hana budi akigeuze kwake.

Mwaka 2018 nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule hiyohiyo anayosoma binti yangu. Wakati huo kaka yake ndiye aliyekuwa pale, Darasa la Tatu. Utakumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka 2016 elimu bila ada ilianza, watoto wakamiminika shuleni, na hilo lilikuwa jambo jema lisilo na mfano. Lakini madawati hayakumiminika pamoja nao. Ruzuku ya Serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na humo mna chaki, mna karatasi za mitihani, mna vitasa vya milango. Darasa la mwanangu lilikuwa na watoto waliokaa sakafuni, na suruali za kaki zilitoboka makalioni kabla ya mwezi wa pili.

Shule yetu iko kando ya barabara kubwa. Akaja mfanyabiashara mmoja na pendekezo. Atajenga fremu za maduka ukutani, upande wa barabarani. Atazipangisha, na shule itapata fungu lake kila mwezi. Baada ya miaka kadhaa fremu zitakuwa mali ya shule. Tulikaa kikao chini ya mwembe. Mwalimu Mkuu akaeleza, Mwenyekiti akaeleza, na kila mtu akaona madawati yanakuja yenyewe.

Alikuwapo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyepata kufundisha hapo miaka mingi na kusimamia michezo. Alinyoosha mkono, akauliza swali moja tu: "Na watoto watachezea wapi?" Tukamjibu kwa heshima zote, kama anavyojibiwa mzee ambaye mtu hana nia ya kumsikiliza. Tukasema, "Mwalimu, uwanja huu ni mkubwa, fremu zitachukua pembeni tu." Akasema, "Pembeni hapo ndipo wasichana wanapochezea mpira wa pete." Mtu mmoja akasema watahamia upande wa pili. Watu wakacheka kidogo, Mwenyekiti akaomba kura, na mimi nikanyoosha mkono. Niliunyoosha juu kabisa, nikiwa na haraka ya kuwahi zamu ya jioni studioni.

Sitaki kuidanganya hadhira. Madawati yalinunuliwa. Mwanangu alipata pa kukaa, na suruali yake ikadumu mpaka mwisho wa muhula. Kwa hiyo yeyote atakayesema tulikula fedha hizo, atatuonea. Hatukuiba, isipokuwa tulihesabu vibaya.

Tulihesabu ukubwa wa fremu kwa futi, hatukuhesabu ukubwa wa biashara. Fremu ya vifaa vya ujenzi inahitaji mahali pa kushushia saruji. Lori linahitaji mahali pa kugeuzia. Mteja anahitaji mahali pa kuegesha pikipiki yake. Mama lishe anawafuata wapakizi, na kivuli cha turubai lake kinafuata jua. Katika muda wa miaka miwili uwanja wa mpira wa pete ulikuwa umekwisha, na kona moja ya uwanja wa soka imekatwa kama kipande cha mkate. Kilichobaki ni mahali pa wavulana kumi na wawili au kumi na watano kufukuzana na mpira. Wasichana hawakuhamia upande wa pili, maana upande wa pili kuna vyoo vipya. Walihamia ukutani, wakaanza kushangilia.

Kwa hiyo siku ile kibarazani, binti yangu aliponijibu, alikuwa ananisomea matokeo ya kura yangu mwenyewe.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu naamini si ya shule moja. Tembea katika miji yetu, uone viwanja vya wazi vilivyoliwa na nyumba, gereji na magodauni. Hakuna aliyekaa kikao akasema, "Leo tunaua michezo." Kila mara lilikuwapo jambo la haraka zaidi na la maana zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulifika hata mahali mashindano ya shule yenyewe yakasimamishwa kwa muda, na hoja iliyosikika sana ni kwamba yanaiba muda wa masomo, kabla hayajarejeshwa baadaye. Hoja ile haikufa. Imehamia kwenye ratiba. Ukienda katika darasa la mtihani, kipindi cha michezo kimeandikwa ukutani kwa wino wa rangi, lakini saa hiyo ikifika watoto wako ndani wanafanya mazoezi ya hisabati. Na sisi wazazi tunashukuru.

Tunashukuru kwa nini? Kwa sababu shule tunaipima kwa jambo moja, ufaulu. Hakuna mzazi anayemwendea Mwalimu Mkuu kumwuliza watoto wangapi wamekimbia juma hili. Kama hakuna anayeuliza, mwalimu ajisumbue kwa ajili gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka mitano hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili mpaka moyo uende mbio. Shirika hilohilo lilipotazama takwimu za mwaka 2016 za vijana wanaosoma, wenye miaka 11 hadi 17, katika nchi nyingi duniani, liliona kwamba zaidi ya wanne katika kila watano hawafikii kiasi hicho, na wasichana wako nyuma ya wavulana. Zamani tungesema hayo ni mambo ya Ulaya, sisi watoto wetu wanatembea, wanachota maji, wanalima. Kijijini huenda bado. Lakini mtoto wa mjini anapanda daladala au bajaji, anakaa darasani hadi saa tisa, anakwenda twisheni mpaka giza liingie, kisha anakaa mbele ya televisheni. Kisukari na shinikizo la damu, maradhi tuliyokuwa tukiyaita ya wakubwa, hayaoni aibu tena kuingia nyumba yoyote.

Mwishoni mwa mwaka 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya watu kufanya mazoezi. Tulitoka, tukakimbia barabarani na fulana mpya, na mimi nikatangaza moja kwa moja kutoka kwenye msafara. Lakini mazoea ya mwili huanza utotoni. Samaki mkunje angali mbichi. Mtu aliyefundishwa kushangilia akiwa na miaka kumi, ukimpa fulana akiwa na miaka 40, atapiga picha na kurudi nyumbani.

Basi tufanye nini? Mimi si mtaalamu wa michezo. Nina stashahada ya uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza. Lakini kwa kuuliza walimu na makocha kwa miaka mingi, nimeona kwamba mambo yanayotakiwa ni matatu, na yote yanaeleweka na mtu yeyote: saa, mahali na mtu.

Saa maana yake ni kipindi kisichoazimwa. Kikiwa kwenye ratiba kiheshimiwe kama hisabati inavyoheshimiwa. Mkaguzi wa shule anapokuja, aulize na daftari la michezo.

Mahali maana yake ni ardhi iliyopimwa, yenye mawe ya mipaka na karatasi zake, ili kamati yenye haraka kama yetu isiweze kuikata. Uwanja wa shule si kiwanja cha akiba kinachosubiri mradi. Na pale ambapo ardhi imekwisha kweli, shule kadhaa zinaweza kugawana mahali pamoja kwa zamu. Jijini Dar es Salaam, pale Kidongo Chekundu, tangu mwaka 2015 kipo kituo cha michezo cha vijana kinachobeba jina la Rais Jakaya Kikwete, na ukipita jioni utaona eneo moja lililopangwa vizuri linavyoweza kuhudumia watoto wengi wa mitaa tofauti. Kila wilaya ya mjini ingekuwa na mahali pa namna hiyo, hata pasipokuwa na nyasi za fahari, tungekuwa mbali.

Mtu maana yake ni mwalimu. Katika shule nyingi mwalimu wa michezo hupatikana kwa njia moja: ndiye kijana kuliko wote na ameripoti juzi. Anakabidhiwa filimbi na mpira uliotoboka, juu ya vipindi vyake vya kawaida, bila mafunzo wala shukrani. Wahitimu wa Malya hawatoshi kila shule, lakini mafunzo ya juma moja wakati wa likizo kwa walimu wa kata nzima si jambo la kutushinda.

Na hapo ndipo ningependa ule mfuko wa fedha za kubashiri uonekane. Hebu fikiri. Kijana amekaa kijiweni, anaweka shilingi zake kwenye mechi ya Uingereza. Sehemu ya fedha hizo, kwa mujibu wa sheria, inarudi kuendeleza michezo. Huyo kijana huenda mwenyewe hakupata kucheza tangu alipotoka shule, na mdogo wake yuko Darasa la Nne anashangilia. Haki ingekuwa kwamba yule mdogo wake aone japo mpira mmoja, japo kamba moja, japo greda likisawazisha uwanja kwa siku mbili. Timu ya Taifa ni yetu sote na ina haki ya kugharamiwa. Lakini mti humwagiliwa shinani.

Tena, mambo mengi hayahitaji hata fedha. Sisi tuliosoma miaka ya 1980 na 1990 tulicheza rede, nage, kombolela na kuruka kamba, na mpira wenyewe ulikuwa wa soksi na karatasi. Kamba ya katani inauzwa sokoni. Shule yenye mikondo 20 inaweza kuwa na mashindano ya mikondo kwa mikondo, kuvuta kamba, mbio za kupokezana vijiti, mpira wa pete, na mshindi asiwe mkondo uliofunga mabao mengi tu, bali mkondo uliowachezesha watoto wengi. Hilo ndilo neno langu kuu leo, na kama utasahau mengine yote, shika hili: tuanze kuhesabu wachezaji kabla ya kuhesabu vikombe. Siku Afisa Michezo wa wilaya atakapotakiwa kutaja katika taarifa yake watoto wangapi wamecheza, si timu yake imeshika nafasi ya ngapi, siku hiyo mambo yatabadilika shuleni asubuhi yake.

Kwa wasichana kuna la nyongeza. Mzazi anayesema binti yangu hatavaa bukta, asikilizwe, asibezwe. Mtoto anaweza kucheza na suruali ndefu na hijabu yake. Hata kanuni za soka duniani ziliruhusu kufunika kichwa tangu mwaka 2014. Mpeni mahali pa kubadilishia nguo na maji ya kunawa, mzazi wake hatakuwa na neno.

Nawasikia wanaosema, "Huyu mama anataka medali." Hapana. Tangu tuanze kwenda Olimpiki hadi ile ya Paris ya mwaka 2024 tumepata medali mbili tu, za fedha, zote za Moscow mwaka 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Ningefurahi zikiongezeka, na huenda zikaongezeka tukichezesha watoto wengi zaidi, maana nani ajuaye ni yupi kati ya wale 890 mwenye mapafu ya Simbu. Lakini hata asipatikane bingwa hata mmoja, mtoto aliyecheza amejifunza kushindwa mbele za watu na kurudi kesho yake. Somo hilo halimo kwenye twisheni.

Nimalize na habari ya shule yetu, maana najua utaniuliza. Mwisho wa mwaka 2025 nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi. Nilisimama, nikasema kwamba mwaka 2018 nilinyoosha mkono, na kwamba nilikosea. Haikuwa rahisi. Mzazi mmoja akaniuliza kwa sauti kama nitaleta mimi fedha za kodi ya fremu. Mwingine akasema waandishi wa habari tunapenda maneno. Nao walikuwa na haki, kwa sababu fedha zile hununua chaki mpaka leo, na mikataba ya fremu bado haijakwisha wala haiwezi kuvunjwa kwa hotuba.

Baada ya mabishano marefu tulikubaliana mambo mawili tu. La kwanza, haitajengwa fremu nyingine hata moja. La pili, siku ya Jumatano na Ijumaa, saa nane hadi saa tisa na nusu, malori hayataingia upande ule, na mahali hapo patachorwa chokaa kwa ajili ya mpira wa pete. Kura zilipohesabiwa tulishinda kwa tofauti ya mikono sita. Fremu mbili za pembeni, zile zilizokalia uwanja hasa, zitajadiliwa mkataba utakapokwisha, na sijui mkutano wa siku hiyo utaamuaje.

Nilitaka kumpelekea habari yule mzee aliyetuuliza swali. Niliambiwa amehamia kijijini kwake. Nimempigia simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nguzo mmeweka futi ngapi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Kapime. Ni futi kumi. Wasichana wasizoee nguzo fupi."

Nimekwenda kupima. Zilikuwa futi tisa, zimerekebishwa. Binti yangu sasa anacheza, na nitakuwa mwongo nikisema ni hodari. Hudaka mpira mmoja kati ya mitatu. Juma lililopita alirudi na goti limechubuka na mkanda wa sketi umekatika, akanidai uzi na sindano kabla hajaniamkia.

Wewe je, mpenzi msikilizaji? Juma hili nenda katika shule ya mwanao, uulize maswali matatu. Kipindi cha michezo ni siku gani, na juma lililopita kilifanyika? Uwanja umepimwa, na karatasi zake ziko wapi? Katika darasa la mwanangu, wangapi wamecheza na wangapi wameshangilia? Usiende kwa shari, nenda kwa adabu, walimu wetu wana mzigo. Lakini uliza. Na kama uko kwenye kamati, na siku moja ikaletwa hoja mezani nawe una haraka, kabla hujanyoosha mkono, mtazame mzee aliyekaa nyuma, umsikilize anauliza nini.

Tukutane tena juma lijalo, saa kama hii. Kwaheri kwa sasa.